Kanda Zisizouzwa: Mashabiki wa Grateful Dead na Utunzaji wa Muziki wa Jukwaani



Mada yangu ni bendi moja ya Marekani, Grateful Dead, na watu wa kawaida waliorekodi maonyesho yake na kunakiliana kanda hizo kwa zaidi ya nusu karne bila kuuziana. Najua wengi humu ndani hamjawahi kuisikia bendi hii redioni. Hata redio za kwao hazikuipiga sana. Nimeichagua kwa sababu historia yake inajibu swali linalonisumbua kila ninapoona kanda za zamani zimeachwa juani: ni nani mwenye wajibu wa kutunza muziki uliopigwa usiku mmoja na ambao hautapigwa tena vile vile?

Bendi ilianza mwaka 1965 huko Palo Alto, California. Jerry Garcia alipiga gitaa la solo, Bob Weir gitaa la rithimu, Phil Lesh besi, Ron McKernan aliyejulikana kama Pigpen alikaa kwenye kinanda, na Bill Kreutzmann kwenye ngoma. Mwaka 1967 aliongezeka mpiga ngoma wa pili, Mickey Hart. Kwa miaka thelathini, mpaka Garcia alipofariki tarehe 9 Agosti 1995, walipanda jukwaani mara zipatazo 2,300. Katika muda wote huo ni wimbo wao mmoja tu, Touch of Grey wa mwaka 1987, ulioingia katika kumi bora za Marekani, na wakati huo bendi ilikuwa na umri wa miaka 22. Hata hivyo kumbi zao zilijaa. Mashabiki wao, wanaoitwa Deadheads, walifunga safari na kuwafuata mji baada ya mji, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 bendi hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zinazoingiza fedha nyingi zaidi kwa maonyesho nchini mwao. Wasiosikika redioni walipataje watu wengi hivyo? Kwa sehemu kubwa, kanda ndizo zilizowatangaza.

Mtu anaweza kuuliza, shabiki anataka nini na kanda mia tatu za bendi moja? Jibu liko katika namna walivyopiga. Grateful Dead hawakupanda jukwaani na orodha ya nyimbo iliyoandikwa tangu mchana. Waliamua wimbo unaofuata pale pale, wakiangaliana, na mara nyingi waliunganisha wimbo na wimbo bila kusimama, katikati wakitangatanga mahali ambapo wao wenyewe hawakujua watatokea wapi. Chukueni wimbo wao Dark Star. Santuri ndogo ya mwaka 1968 ilikuwa na urefu usiofika dakika tatu. Kwenye albamu ya jukwaani ya mwaka uliofuata, Live/Dead, wimbo huo huo ulichukua zaidi ya dakika ishirini na kujaza upande mzima wa santuri. Usiku mwingine ulikwenda nusu saa na kupita. Kwa hiyo aliyekuwa na Dark Star ya Februari hakuwa na Dark Star ya Agosti, na aliyekosa onyesho alikuwa amekosa kitu ambacho duka lolote lisingeweza kumuuzia.

Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Aliyemsikia mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo au Zein l'Abdin kwenye harusi ya Mombasa anajua kwamba wimbo wa kaseti ya dukani na wimbo huo huo ukiimbwa usiku wa manane mbele ya watu wanaotuza ni vitu viwili. Mwimbaji anarudia ubeti kwa sababu mama mmoja amesimama na noti mkononi. Udi unapata nafasi ya kuzunguka kabla ya kurudi kwenye kiitikio. Kuna vigelegele, kuna mtoto analia, kuna mtu anaitwa jina lake. Ndiyo maana watu waliweka redio kaseti karibu na spika, wakabonyeza vibonye viwili kwa pamoja, na kanda ile ikaenda na jamaa mpaka Maskati na Dubai, ikasikilizwa na waliokosa harusi. Shabiki wa California na shabiki wa Mji wa Kale wa Mombasa walikuwa wakifanya kazi moja, tena katika miaka ile ile, bila kujuana.

Tofauti ni kwamba wale wa Marekani walijipanga.

Garcia mwenyewe aliwahi kuwa upande huo wa kipaza sauti. Mwaka 1964, kabla bendi haijazaliwa, alikuwa kijana anayepiga banjo na kupenda mno muziki wa bluegrass. Yeye na rafiki yake Sandy Rothman walisafiri kwa gari kutoka California hadi majimbo ya mashariki wakiwa na mashine ya kurekodi, wakawarekodi wanamuziki waliowaheshimu jukwaani. Katika jamii ile ya bluegrass ilikuwa kawaida kurekodi na kubadilishana kanda. Nadhani jambo hili linaeleza mengi. Alipokuja kuwa nyota na kuwaona vijana wamebeba mashine mbele yake, aliyaona matamanio aliyoyajua. Na msimamo wake, alioueleza mara kadhaa, ulikuwa rahisi: wakishamaliza kupiga, wasikilizaji wauchukue muziki.

Haikuwa hivyo kwa kila mtu katika msafara tangu mwanzo. Miaka ya mwanzo ya 1970 waliorekodi waliingia kwa kujificha, vipaza sauti ndani ya makoti na mashine chini ya kiti. Baadhi yao walitolewa nje, na wengine walikatiwa nyaya. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 1969 santuri ya Bob Dylan iliyotengenezwa bila idhini, Great White Wonder, ilikuwa imeuzwa madukani, na wafanyabiashara waliona kwamba muziki wa kuiba una soko. Santuri za aina hiyo za Grateful Dead nazo zikatokea.

Hapo ndipo mashabiki walipofanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha historia hii. Mwaka 1971 kijana wa Brooklyn, Les Kippel, alianzisha utaratibu wa kubadilishana kanda za Grateful Dead bure, kwa makusudi kabisa ili kuwakosesha riziki wauzaji wa santuri haramu. Mantiki yake ilikuwa hii: kitu kinachopatikana bure kwa yeyote anayekiomba hakina bei. Vikundi kama hicho vikazaliwa katika miji mingine, na mwaka 1974 Kippel na wenzake wakatoa jarida, Dead Relix, la kuwaunganisha watunza kanda. Jarida hilo lilikua, likapunguza jina likaitwa Relix, na likageuka kuwa jarida la muziki linalojulikana.

Naomba tukae kidogo kwenye kazi yenyewe, maana watu hudhani kurekodi ni kubonyeza kitufe. Mrekodi wa mwanzo wa miaka ya 1980 alibeba mashine kama Sony TC-D5M, ndogo kiasi cha kuning'inia begani, inayokula betri mbili kubwa. Alibeba jozi ya vipaza sauti vya bei inayoweza kushinda ya gari lake, mlingoti wa kuviinua juu ya vichwa vya watu, betri za akiba, na kaseti za dakika 90. Dakika 90 maana yake ni 45 kila upande, na kipindi kimoja cha onyesho kilizidi hapo. Kwa hiyo alitakiwa kujua muziki wa bendi vizuri kiasi cha kukisia ni lini wataacha kupiga na kukaza nyuzi, ili ageuze kaseti katika sekunde zile chache. Akikosea, wimbo unakatika katikati, na nakala zote duniani zitakatika hapo hapo. Hakuweza kucheza wala kuimba, na majirani zake walijifunza kutopiga kelele karibu na mlingoti. Alikuwa amelipa kiingilio ili afanye kazi usiku kucha kwa ajili ya watu ambao hatawaona maishani mwake.

Kulikuwa na kanda za aina mbili. Ya ukumbini ilinaswa kwa vipaza sauti katikati ya watu, ikabeba mwangwi wa ukumbi, makofi na mayowe. Ya mitambo ilichukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye meza ya fundi wa sauti: safi, kila ala mahali pake, ila wakati mwingine baridi, kwa sababu pumzi ya watu haimo. Mabishano kuhusu ipi ni bora hayajaisha hadi leo. Mimi nikitakiwa kuchagua nitashika ya ukumbini ikiwa imenaswa vizuri, kwa kuwa nusu ya muziki wa Grateful Dead ilikuwa ni jibu la ukumbi.

Kisha kuna suala la vizazi. Kanda iliyokuwa ndani ya mashine usiku ule ndiyo mama. Nakala iliyotolewa kwake ni kizazi cha kwanza, nakala ya nakala ni kizazi cha pili, na kuendelea. Kila unaponakili kaseti kwa waya kutoka deki moja hadi nyingine, mchakacho unaongezeka, sauti za juu zinafifia, na kama mashine moja inakimbia kuliko nyingine hata wimbo unapanda au kushuka ufunguo. Kizazi cha sita kilisikika kama bendi imefungiwa chumba cha pili. Tena aliyejali ubora alilazimika kunakili kwa muda halisi: onyesho la saa tatu lilikutaka saa tatu. Kwa sababu hiyo mashabiki walijenga adabu ya kuandika. Juu ya kaseti kuliwekwa tarehe, mji, ukumbi, nyimbo kwa mpangilio wake, chanzo cha kanda, na kizazi chake. Shabiki wa kweli alitaja maonyesho kwa tarehe tupu na mwenzake akaelewa. Kutokana na maandishi hayo yaliyotawanyika majumbani kikatengenezwa kitabu, DeadBase, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1987, kikiorodhesha kila onyesho na nyimbo zilizopigwa. Wanahistoria wa muziki wanakitegemea. Msingi wake ni kalamu za watu wasiolipwa.

Na mtu mpya asiye na kanda hata moja aliingiaje? Hili nalipenda sana. Hakuambiwa arudi akiwa na kitu cha kubadilishana. Alituma kaseti tupu pamoja na bahasha yenye stempu za kurudishia, na mwenye kanda akamnakilia. Hakukuwa na faida hata senti moja. Kilichotarajiwa ni kwamba naye atamnakilia mwingine. Aliyeuza alijulikana haraka, na hakuna aliyembadilishia tena.

Kufikia mwaka 1984 milingoti ilikuwa imezidi. Warekodi walijazana mbele ya meza ya mitambo, mahali ambapo sauti ni bora, wakawaziba macho waliolipa kutazama. Bendi ilikuwa na njia mbili: kupiga marufuku au kupanga. Wakapanga. Kuanzia Oktoba mwaka huo, kwenye maonyesho ya Berkeley, ziliuzwa tiketi maalumu za warekodi, wakapewa eneo lao nyuma ya meza ya mitambo. Kwa kuwa bendi ilikuwa imekwisha kuanza kuuza tiketi zake yenyewe kwa njia ya posta, utaratibu huo haukumpitia mtu wa kati. Masharti yalikuwa machache, na kubwa kuliko yote ni moja: kwa matumizi yako na ya kubadilishana, kamwe si kwa kuuza. Sharti hilo bendi haikulitunga. Mashabiki walikuwa wameliishi miaka 13 kabla halijapewa idhini.

Nisingependa mtoke hapa mkidhani kwamba mashabiki peke yao ndio walioiokoa hazina hii. Ndani ya bendi pia walikuwamo walioona mbali. Owsley Stanley, fundi wao wa sauti wa awali, alirekodi karibu kila alichokishughulikia ili asikilize kesho yake na kupima kazi yake. Na yupo Betty Cantor-Jackson, ambaye jina lake linastahili kujulikana zaidi ya linavyojulikana. Miaka ya 1970, wakati mwanamke kwenye mitambo lilikuwa jambo la nadra mno, alikaa na mashine za reli kubwa na kurekodi maonyesho kwa uangalifu ambao mpaka leo masikio yanaushangaa. Besi ina mwili, sauti za waimbaji ziko mbele, na bado unaisikia hewa ya ukumbi.

Baadaye aliachana na bendi, maisha yakawa magumu, na vitu vyake alivyovihifadhi ghalani vikapigwa mnada mwaka 1986 kwa sababu kodi ya ghala haikulipwa. Ndani yake mlikuwa na mamia ya reli hizo. Si wote waliozinunua waliofuata muziki. Baadhi walitaka vifaa vilivyokuwa humo. Kanda zikatawanyika, nyingine zikapata unyevu. Waliozitafuta, wakazikausha, wakazisafisha na kuzinakili walikuwa mashabiki wenye ujuzi wa studio, na nakala zao zikasambaa kwa utaratibu ule ule wa bahasha na stempu. Fikirini: kazi bora ya bendi kubwa ilikuwa inaozea kwa watu wasioijua thamani yake, na wasikilizaji ndio walioinusuru.

Miongoni mwa rekodi za Betty ipo ya tarehe 8 Mei 1977, Barton Hall, katika Chuo Kikuu cha Cornell mjini Ithaca, jimbo la New York. Usiku huo theluji ilianguka ingawa ulikuwa mwezi Mei. Ndani ya ukumbi bendi ilipiga Scarlet Begonias ikaiunganisha na Fire on the Mountain, na karibu na mwisho ikapiga Morning Dew kwa namna ambayo watu wazima wanaisimulia wakitokwa machozi. Kanda hiyo ilinakiliwa labda kuliko nyingine zote za bendi. Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya taifa ya rekodi za kuhifadhiwa, katika uteuzi wa mwaka 2011. Ilianza kuuzwa rasmi madukani mwaka 2017, miaka arobaini baada ya kupigwa. Yaani taifa liliitambua kuwa urithi wake wakati bado inaishi kwa nakala za mkononi tu. Na ilipouzwa, hata waliokuwa nayo tayari waliinunua.

Mashabiki hawakuwa wakinunua kanda walizokuwa nazo kwa mara ya kwanza. Dick Latvala alikuwa shabiki aliyekusanya kanda akiishi Hawaii, mbali na kumbi, akiandikiana barua ndefu na watunza kanda wa bara. Miaka ya 1980 bendi ilimwajiri kutunza chumba cha kanda zake, na mwaka 1993 ukaanza mfululizo wa albamu uliobeba jina lake, Dick's Picks, onyesho la kwanza likiwa la Tampa, Florida, la Desemba 1973. Latvala alifariki mwaka 1999, lakini mfululizo ule ulifika matoleo 36. Bendi ilimtoa mtunzaji wake mkuu kutoka miongoni mwa wale wale ambao kampuni nyingine zingewaita wezi.

Afrika nayo ina sehemu yake. Septemba 1978 Grateful Dead walipiga usiku tatu chini ya mapiramidi ya Giza, nchini Misri, pamoja na Hamza El Din, mpiga udi kutoka Nubia, na waimbaji wa kwao wakipiga makofi ya Kinubi. Usiku wa tatu mwezi ulipatwa. Bendi ilikusudia kutoa albamu, lakini piano ilikuwa haijakaa sawa, mpango ukaachwa. Kwa miaka thelathini, mpaka toleo rasmi la mwaka 2008, aliyetaka kuusikia muziki wa Nubia ukiachia nafasi gitaa la Garcia alitegemea ukarimu wa mwenye kanda. Nawasihi wapenzi wa taarabu wausikilize usiku ule. Mtaona jinsi Garcia anavyoingia polepole, kwa heshima, kama mgeni anayepiga hodi.

Kisha ikaja intaneti. Nakala ya dijiti haina kizazi. Ya mia ni sawa na ya kwanza. Mwaka 1998 mashabiki walianzisha etree kwa ajili ya kusambaza maonyesho bila kupoteza ubora, na mwaka 2002 wakashirikiana na Internet Archive kufungua hifadhi ya muziki wa jukwaani. Rekodi za Grateful Dead zilizomo humo leo zinazidi elfu kumi. Novemba 2005 wasimamizi wa biashara ya bendi waliamuru kanda zisipakuliwe tena. Mashabiki walikasirika, wakatia saini, wakatishia kutonunua chochote. Phil Lesh akasema hadharani kwamba hakuwa amejulishwa. Katika siku chache kanda za ukumbini zikarudi kama zamani, na zile za mitambo zikabaki za kusikiliza tu. Kwangu huo ni mwafaka wa haki: kile msikilizaji alichokinasa kwa jasho lake kikabaki chake, na kile kilichotoka kwenye meza ya bendi kikabaki mikononi mwa bendi.

Sasa nirudi nyumbani, na hapa lazima niseme kwa uangalifu. Nisipofanya hivyo nitakuwa nimewapa ruhusa watu wasiostahili.

Sisi tunayo historia nyingine ya kunakili. Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi zetu studioni kwa ajili ya matangazo, na nyimbo zile zikanaswa redioni, zikajazwa kwenye kaseti, zikauzwa mitaani na masokoni kwa miaka mingi. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, aliyeimba na Safari Trippers na baadaye Dar International, alifariki mwaka 1995, mwaka ule ule aliofariki Garcia. Nani kati yetu hajui Zuwena? Nani hajui Masudi? Lakini mwenye sauti hiyo hakuondoka na utajiri unaolingana na jina lake, wakati walionakili kaseti zake walipata chakula cha kila siku kwa jasho lake. Anayesema kwamba Grateful Dead wanathibitisha kuwa kunakili hakumdhuru msanii, na akaishia hapo, anadanganya.

Mambo matatu ya Marekani hayakuwepo kwetu. Wanamuziki wenyewe waliridhia, wakiwa hai na wakiwa na nguvu ya kukataa. Kanda hazikuuzwa, na walioshika sheria hiyo walikuwa mashabiki bila kuhitaji polisi. Na bendi ilikula kwa tiketi: kila kanda iliyosafiri ilirudi na mtu mlangoni. Mwanamuziki wetu wa miaka ya 1970 mara nyingi alikuwa mwajiriwa wa bendi ya shirika au ya mwenye vyombo, akipokea mshahara mdogo, hata ukumbi ukijaa kiasi gani. Kumpa nakala bure msikilizaji wake kusingemrudishia chochote, na kuiuza kulimwibia kabisa. Hukumu yangu ni kwamba kunakili kwa mapenzi na kunakili kwa biashara ni matendo mawili, hata kama mashine ni moja, na sheria zetu za hakimiliki zingefanya vyema kuyatenganisha badala ya kuyafunga kamba moja.

Vijana wanaoshika simu kwenye maonyesho ya leo watasema hayo yamepita, kila kitu kinarekodiwa. Ni kweli kinarekodiwa. Lakini kipande cha sekunde thelathini kilichoinuliwa juu ya kichwa, bila tarehe, bila jina la ukumbi, kinapotea simu inapobadilishwa. Wale wa milingoti walirekodi onyesho lote, kuanzia kukaza nyuzi hadi makofi ya mwisho, na waliandika. Fanyeni kama wao. Muulizeni mwanamuziki kwanza, mkikubaliwa mpelekeeni nakala yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, na msiiuze.

Kwa wazee wangu na ndugu zangu wa pwani nina ombi moja. Majumbani mwetu, kuanzia Lamu hadi Lindi, Unguja na Pemba, na kwa jamaa walioko Maskati, zimo kaseti za harusi, za maulidi, za dansi la usiku wa sikukuu. Waimbaji wengi waliomo humo wameshafariki. Juma Bhalo alituacha mwaka 2014, Zein l'Abdin mwaka 2016. Joto na unyevu wetu vinaotesha ukungu juu ya utepe, kile kipande kidogo cha sufi kinachoukandamiza kinabanduka, na utepe ukinata mara moja kwenye mashine chakavu hukatika. Ziondoeni karibu na spika, maana sumaku yake inaweza kuzifuta. Zisimamisheni wima mahali pakavu penye kivuli. Msizichezeshe kwenye mashine ambayo haijasafishwa. Tafuteni kijana mwenye deki nzima na kompyuta, azihamishe kanda hizo taratibu, upande kwa upande, pamoja na kelele zake zote. Nakala moja ibaki nyumbani, ya pili apewe mwimbaji au watoto wake, ya tatu ipelekwe mahali pa kuhifadhiwa ambapo familia hiyo imeridhia.

Na kabla ya yote hayo, leo hii, kabla hujalala: chukua kalamu, keti na mama au shangazi aliyekuwepo, uandike juu ya kila kaseti ni harusi ya nani, mtaa gani, mwaka gani, na nani aliimba. Wapo bado wanaokumbuka. Waulize sasa.